Nyanya Tatu za Ukubwa Gani?

Nyanya yenye upana wa sentimita 5 ina uzito wa gramu 65 hivi. Nyingine yenye upana wa sentimita 6 na nusu, ambayo ikiwekwa kando ya ile ya kwanza huonekana imezidi kidogo tu, inakaribia gramu 140. Ndiyo kusema nyanya tatu za fungu moja zinaweza kulingana uzito na nyanya sita za fungu la jirani. Wapishi wawili wakifuata maelekezo yaleyale, "nyanya tatu, kitunguu kimoja, karoti mbili", mmoja atapata mchuzi mzito na mwingine atapata maji yenye rangi.

Jicho hupima upana, lakini mboga hukua pande zote tatu: upana, urefu na kina. Upana ukiongezeka kwa robo, uzito hukaribia kuwa maradufu. Hilo ni kweli kwa nyanya, kwa kitunguu, kwa kiazi na kwa kabichi, na ndilo jambo ambalo mnunuzi wa mafungu hushindwa kuliona haraka.

Mahali pazuri pa kulitazama suala hili ni Lushoto, kwenye Milima ya Usambara, ambako mboga nyingi zinazoliwa Tanga na Dar es Salaam huanzia safari. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na vijiji vya juu zaidi, kuelekea Magamba na Lukozi, vina baridi inayozipendeza kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, liki na koliflawa. Mabonde hulimwa hata kiangazi kwa maji ya mifereji. Malori hushuka kwa kona za barabara ya Soni hadi Mombo, yakashika barabara kuu, na kwa Dar es Salaam yanakuwa bado yana zaidi ya kilomita 300 mbele.

Ukubwa wa mboga huamuliwa shambani kabla mpishi hajaiona. Kabichi iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 hufunga kichwa kikubwa. Ikibanwa hadi sentimita 40, vichwa vinakuwa vingi lakini vidogo. Karoti husiwa moja kwa moja shambani, na mkulima asipopunguza miche zinasongamana na kutoka nyembamba kama vidole. Mbegu nayo ina neno lake. Nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 kutoka kituo cha utafiti cha Tengeru mkoani Arusha, hazifanani umbo na zile ndogondogo za kienyeji zinazojiotea pembeni mwa shamba. Kwa hiyo "karoti moja" ya Lushoto msimu huu si lazima iwe sawa na "karoti moja" ya msimu ujao.

Hata hivyo mpishi hahitaji kubabaika. Ukubwa wa katikati, ule unaojaa kiganjani bila kuzidi, una uzito ambao ukishaujua haukupotei. Nyanya ya katikati ni gramu 120 hivi, kwa hiyo nane au tisa hufanya kilo. Karoti ya katikati ni gramu 60 hadi 80. Kiazi mviringo cha katikati ni gramu 150, na sita au saba hufika kilo. Pilipili hoho moja huwa kati ya gramu 120 na 150. Kitunguu chekundu, kile kinacholimwa sana Mang'ola na Ruaha Mbuyuni, kina tofauti kubwa kuliko vyote: kidogo ni gramu 50, kikubwa ni 150. Maelekezo yanaposema kitunguu kimoja, mpishi mwangalifu huelewa gramu 100. Punje moja ya kitunguu saumu ni gramu 3 hadi 5 tu.

Kabichi haina ukubwa wa katikati wa kuaminika. Kichwa kinaweza kuwa na kilo moja, kingine kikafika tatu, na vyote vikawa vimekaa juu ya meza moja. Hapo njia ni kuinyanyua na kuibonyeza. Iliyofunga vizuri ni nzito na haibonyei. Iliyo nyepesi kwa ukubwa wake imejaa hewa katikati ya majani.

Uzito wa sokoni, tena, si uzito wa sufuriani. Njegere ndizo hupungua kuliko zote: kilo moja yenye maganda hutoa gramu 400 hivi za punje. Koliflawa ikivuliwa majani na shina hubaki kama nusu. Kabichi, ikitolewa majani ya nje na kiini, hubakiza kama asilimia 80. Viazi navyo huacha hadi sehemu moja ya tano kwenye maganda, na hapa ukubwa hurudi kwa nguvu: viazi vidogo vina ngozi nyingi zaidi kwa kila kilo, kwa hiyo hupotea zaidi kisuni. Ndiyo maana wauza chipsi hutafuta viazi vikubwa, ambavyo hupunguza kazi ya kumenya na kutoa vipande virefu. Mpishi wa viazi karai, kinyume chake, anataka vidogo vinavyolingana ili vyote viive pamoja. Asiyelinganisha hujikuta na sufuria yenye viazi vilivyovunjika na vingine vigumu katikati.

Mchicha na mnavu vina hesabu yake. Fungu linaloonekana kubwa hukatwa mashina magumu kwanza, kisha majani yaliyobaki hunywea motoni mpaka familia ikashangaa yamekwenda wapi. Mama anayepikia watu sita hakosei anaponunua mafungu mengi kuliko jicho linavyomwambia.

Kiasi gani kinatosha? Mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) walipendekeza mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi na mihogo. Tuseme nusu yake itoke kwenye mboga: gramu 200 kwa kila mlaji, au kilo moja na gramu 200 kwa familia ya watu sita. Kichwa cha kabichi cha kilo mbili, kikishasafishwa, hutoa kilo 1.6 na kuwatosha watu wanane kwa siku hiyo. Kwa anayetaka kujua virutubisho vilivyomo, mwaka 2008 zilichapishwa majedwali ya vyakula vya Tanzania, kazi iliyofanywa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania kwa kushirikiana na wataalamu wa Muhimbili na Harvard. Viwango vyake huhesabiwa kwa gramu 100 za chakula, kwa hiyo asiyejua gramu hawezi kuvitumia.

Tatizo ni kwamba masokoni mwetu mboga nyingi hazifiki kwenye mizani. Zinauzwa kwa fungu, kwa sado au kwa debe. Sado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita 4, ikijazwa viazi hadi ukingoni hubeba kilo mbili na nusu hadi tatu kasoro. Ikirundikwa, hupita tatu. Debe la lita 20 likisawazishwa hubeba viazi vya kilo 13 hivi. Lakini ndoo hukatwa chini, huchomwa moto zikabonyea, hugeuzwa kitako kikaingia ndani. Na hata ndoo nzima hudanganya bila nia mbaya ya mtu, kwa sababu viazi vikubwa huacha mianya mingi kwenye chombo kidogo. Anayenunua sado apendelee viazi vya wastani, na aangalie kitako kabla ya kutazama juu.

Huku mnunuzi akipunjwa kwa chombo kidogo, mkulima wa Usambara hupunjwa kwa chombo kikubwa. Hiyo ndiyo lumbesa: gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha kuongezewa wavu au kipande cha gunia jingine ili mzigo upande juu kama kichuguu. Bei hupatanwa kwa gunia moja. Gunia hilo likiwa na kilo 140 badala ya 100, mkulima ametoa kilo 40 bure, pamoja na mbolea, maji na jasho lililozikuza. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haikubali ujazaji huo, na Wakala wa Vipimo husisitiza kila msimu kwamba mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100 na yauzwe kwa mizani. Kenya imekwenda mbali zaidi: kanuni zake za viazi za mwaka 2019 zinaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 yalikuwa yameshataka mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Vijana wanaopakia malori Lukozi wanastahili kikomo hicho sawa na wengine wote.

Mizani ya jikoni si lazima iwe ya gharama. Maji safi ya lita moja yana uzito wa kilo moja, na chupa ya nusu lita ikijazwa ni gramu 500, ukiacha gramu chache za chupa yenyewe. Henga ya nguo ikitundikwa kwenye msumari, na vikapu viwili vinavyolingana vikaning'inizwa kila upande, inakuwa mizani ya kutosha kupima nusu kilo ya nyanya kwa kulinganisha na chupa hiyo. Baada ya kupima mara kadhaa, mkono wenyewe huzoea.

Kazi iliyobaki ni ya sokoni. Msomaji, ukikuta muuzaji mwenye mizani iliyohakikiwa, yenye stika ya Wakala wa Vipimo, nunua kwake hata kama fungu la jirani linaonekana kubwa, na umwambie ni kwa nini umemchagua. Na unapomwandikia mwanao au jirani namna ya kupika, andika gramu pembeni ya idadi: nyanya tatu, gramu 350.