Adhabu ya Haki kwa Udanganyifu wa Kitaaluma: Tuipimeje?

Utangulizi

Kila mwisho wa muhula sisi wahadhiri wa Kiswahili hapa Kampala hukutana na jambo lile lile. Mtu anasahihisha rundo la kazi za wanafunzi, na ghafla aya moja inakuwa na Kiswahili kilichonyooka kuliko aya iliyoitangulia. Baada ya kazi mbili tatu, aya ile ile inajitokeza kwa mwanafunzi mwingine. Hapo swali la kama wamedanganya limekwisha. Linabaki swali la tuwafanye nini, na hilo ndilo tunalokusudia kulijadili katika makala haya.

Tunalijadili kwa sababu majibu yetu hayalingani. Miongoni mwetu wapo wanaotoa sifuri bila kusema neno, wapo wanaomwita mwanafunzi ofisini wakamkemea na kumsamehe, na wapo wanaoipeleka kazi kwa mkuu wa idara. Wanafunzi watatu waliotenda kosa moja wanaweza kupata hukumu tatu, kwa kutegemea tu nani aliwasahihishia. Tunaona kwamba hii ni dhuluma, hata kama kila mhadhiri ana nia njema. Adhabu ya haki ni ile iliyojulikana kabla ya kosa, ikapimwa kwa uzito wa kosa lenyewe, na ikatolewa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kujitetea na kukata rufaa.

Kosa lina sura nyingi

Katika chumba cha mtihani kosa huonekana wazi: vikaratasi ambavyo wanafunzi wa Kenya huviita mwakenya, simu iliyofichwa, au mtu kumfanyia mwenzake mtihani. Katika kazi za muhula mambo huwa na utata zaidi. Wizi wa maandishi ni kuchukua maneno au mawazo ya mtu mwingine na kuyawasilisha kama yako. Katika masomo yetu huja kwa sura kama nne: kunakili uchambuzi wa riwaya kutoka katika kitabu cha mwongozo, kutafsiri makala ya Kiingereza bila kumtaja mwandishi, kubuni wahojiwa katika utafiti wa fasihi simulizi, na kununua kazi iliyoandikwa na mtu mwingine.

Sura ya pili huwapotosha wengi. Mwanafunzi aliyetafsiri huona ametoa jasho, na kwamba maneno ni yake. Ni kweli maneno ya Kiswahili ni yake, lakini hoja, mpangilio na mifano ni mali ya mwenye makala. Kama hatukumfundisha hivyo darasani, sehemu ya lawama ni yetu.

Wengine husema kwamba kumtaja mwenye maandishi ni desturi ya kigeni. Hatukubaliani nao. Washairi wa Kiswahili wana mazoea ya zamani ya kujitaja katika beti za mwisho, na baadhi yao hutia hata tarehe. Washairi wa magazetini nao waliweka jina au lakabu pamoja na mji walikotoka. Wote hao walitaka ijulikane kazi ni ya nani.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inagusa jambo hili moja kwa moja. Ibara ya 28 inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa haki, na ibara ya 44 inaiweka haki hiyo miongoni mwa zile zisizoweza kuondolewa. Ibara ya 42 inasema kwamba mtu anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala ana haki ya kutendewa kwa haki, na anaweza kwenda mahakamani akidhulumiwa. Chuo kikuu cha umma ni chombo cha namna hiyo.

Kanuni hii ina mizizi ya zamani katika eneo letu. Mwaka 1961 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyohusu halmashauri ya mji wa Tanga, ilisisitiza kwamba uamuzi uliotolewa bila kufuata misingi ya haki ya asili hauwezi kusimama. Misingi hiyo ni miwili: pande zote zisikilizwe, na mtu asiwe hakimu katika kesi inayomhusu. Tuuangalie msingi wa pili kwa makini. Mhadhiri aliyegundua wizi ni shahidi, na mara nyingi ni mlalamikaji pia. Akitoa na hukumu, amekalia viti vitatu peke yake.

Baraza la Mitihani la Uganda linatupa mfano mzuri. Sheria yake ya mwaka 2021 ni kali, kwani kwa baadhi ya makosa ya mitihani adhabu inaweza kufikia kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 40. Hata hivyo, matokeo yanapozuiliwa kwa tuhuma za udanganyifu, Baraza huwaita watahiniwa na kuwasikiliza kabla ya kuamua kuyafuta au kuyaachia. Ikiwa mtoto wa shule ya msingi anasikilizwa, mwanafunzi wa chuo kikuu ana haki hiyo hiyo.

Vipimo vinne

Adhabu za vyuo kwa kawaida huanzia onyo, zikapanda hadi kufutiwa matokeo, kusimamishwa masomo na kufukuzwa. Ngazi ipo, tunachokosa ni kipimo cha kutuambia nani asimame kidato kipi. Tunapendekeza vipimo vinne.

Cha kwanza ni ukubwa wa sehemu iliyoibiwa: aya mbili si sawa na tasnifu nzima. Cha pili ni nia: aliyeutaja mwongozo katika marejeleo lakini akasahau alama za mtajo hakuficha kitu, aliyenunua kazi alificha kila kitu. Cha tatu ni uzoefu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyetoka katika shule ambako kukariri fasili neno kwa neno kulimletea alama, anahitaji kufundishwa zaidi ya kuadhibiwa. Cha nne ni kurudia kosa baada ya kuonywa.

Mambo mengine yasiingie kabisa katika mizani: mwanafunzi ni mtoto wa nani, analia vipi ofisini, ametoka Gulu, Mombasa au Bukavu, au ni hodari darasani.

Tuchukue wanafunzi watatu wa kubuni. Wa kwanza yuko mwaka wa kwanza, amenakili aya mbili za mwongozo alioutaja mwishoni. Huyu tunaona apewe onyo la maandishi na aandike upya kazi yake, alama zake zikiwa na kikomo. Wa pili yuko mwaka wa tatu, na insha yake nzima ni tafsiri ya makala ya mtu. Apate sifuri katika kazi hiyo, na jina lake liingie katika kumbukumbu za idara. Wa tatu amewasilisha tasnifu yenye mahojiano na wazee kumi ambao hakuwahi kuwaona. Kosa hili limeharibu elimu yenyewe, kwani wengine watakuja kuitumia data hiyo. Lifike kwenye kamati ya chuo, na kusimamishwa masomo kuwe miongoni mwa adhabu zinazofikiriwa.

Sifuri si nambari moja

Wengi wetu hutamka "sifuri" kana kwamba uzito wake ni mmoja. Tufanye hesabu. Tuseme somo lina alama 40 za kazi za muhula, yaani kazi mbili za alama 20 kila moja, na mtihani wa alama 60. Alama ya kufaulu ni 50. Mwanafunzi akipata sifuri katika kazi moja, bado ana alama 80 za kutafutia 50. Anaweza. Lakini mhadhiri akimfutia kazi zote za muhula, anabaki na 60 za kutafutia 50, yaani lazima apate zaidi ya asilimia 83 katika mtihani. Hiyo, kwa wengi, ni hukumu ya kurudia somo.

Na somo likitolewa mara moja tu kwa mwaka, kurudia ni kungoja mwaka mzima. Kwa aliye katika muhula wa mwisho, maana yake ni mahafali kupita, karo kuongezeka na kodi ya chumba kuendelea. Pengine anastahili. Lakini anayeitoa adhabu hiyo ajue anatoa nini.

Adhabu ya kimyakimya na msamaha wa faraghani

Hatari zaidi ni adhabu isiyotajwa. Mhadhiri anamshuku mwanafunzi, hana ushahidi wa kutosha, basi anampunguzia alama bila kueleza. Mwanafunzi hawezi kukata rufaa dhidi ya jambo asilojua lipo.

Msamaha wa faraghani una ubaya wake pia, ijapokuwa unaonekana ni huruma. Aliyesamehewa mlango ukiwa umefungwa anatoka na deni, na sote tunajua madeni ya namna hiyo wakati mwingine hudaiwa kwa njia za aibu. Zaidi ya hayo, kosa halikuandikwa popote, hivyo mhadhiri wa muhula ujao ataliona kama la kwanza. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo: anayekuja kufukuzwa hatimaye ni yule aliyekosa wa kumsamehe.

Kompyuta isiwe hakimu

Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, shaka imezidi, na wengi wetu tumekimbilia programu za kutambua maandishi ya mashine. Tuwe waangalifu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kimakosa kuwa za mashine. Mwaka huo huo kampuni ya OpenAI iliiondoa programu yake ya utambuzi kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Wanafunzi wetu wengi huandika Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, kwa sentensi fupi na msamiati wa kawaida. Ushahidi bora ni mazungumzo: mwite mwanafunzi, mwombe aeleze hoja yake na aoneshe rasimu zake. Aliyeandika ataeleza.

Hitimisho

Mizani hii itupime na sisi. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Makerere kilikumbwa na kashfa ya alama kubadilishwa katika mfumo wa kompyuta, na baadhi ya wafanyakazi walisimamishwa kazi. Mwanafunzi anayeona alama zikiuzwa hatatusikiliza tukimhubiria kuhusu alama za mtajo.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Jedwali la makosa na adhabu libandikwe ubaoni na kufafanuliwa katika wiki ya kwanza ya muhula. Kila shauri lisikilizwe na watu wasiopungua watatu, mhadhiri aliyegundua akiwa shahidi tu. Na kila uamuzi uandikwe, utiwe sahihi, na uoneshe njia ya rufaa.

Julai 2022 serikali ilikubali Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za nchi hii. Walimu wa kufanya kazi hiyo ndio hawa tunaowasahihishia leo, na kesho watakuwa na rundo la kazi mbele yao. Watakavyowatendea wanafunzi wao kutategemea sana walivyotendewa hapa.