Fahamu: Je, unaweza kusomea usaidizi wa kisheria mtandaoni?

Matangazo ya kozi za usaidizi wa kisheria yamejaa kwenye simu: soma nyumbani, pata cheti, anza kazi. Kusoma nyumbani kunawezekana. Kuanza kazi ni habari nyingine.

Tanzania Bara, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtaka msaidizi wa kisheria awe amepata mafunzo kwa mtaala ulioidhinishwa. Kazi yake ni kuelimisha, kuelekeza na kuhimiza suluhu. Hamwakilishi mtu mahakamani, wala hamtozi pesa. Basi kabla ya kulipa ada, mwombaji aulize kwanza kama kozi hiyo inatambuliwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 au sheria za ardhi za 1999 zinasomeka vizuri tu kwenye skrini. Mirathi ndiyo mtihani. Mjane anafika na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Jina la marehemu halifanani na lililo kwenye hati ya kiwanja, na mtoto mmoja wa nje ya ndoa hakutajwa kabisa. Hapo anahitajika mtu aliyewahi kukaa kando ya mzoefu, akaona fomu zikirudishwa na sababu zake.

Umbali wenyewe haumzuii mtu kujifunza. Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo Uganda, alisomea sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London akiwa katika gereza la Luzira, na akawasaidia wafungwa wenzake kuandaa rufaa. Aliachiwa huru 2016.