Mchuzi wa Dengu na Nazi: Kitoweo cha Siku za Karafuu



Kila ziwadiapo siku za karafuu, mazungumzo ya mashambani huwa ni bei, majamvi, mvua na wachumaji. Sufuria ya mchumaji haina wa kuisemea. Walakini kila mwenye shamba ajua kwamba mtu apandaye mkarafuu asubuhi kwa chai kavu na muhogo mtupu, ifikapo adhuhuri mikono humlegea. Na mkono uliolegea juu ya tawi ni hatari kubwa. Siku za upepo mkali ngalawa hazitoki, samaki huwa haba na ghali, na nyama si ya kila siku. Kwa hiyo twapenda kueleza kitoweo kisicho na nyama wala samaki, chenye kujenga mwili, na ambacho vitu vyake viwili vikubwa, nazi na karafuu, vimo shambani mwetu tayari.

Kitoweo hiki ni cha Kerala, jimbo lililoko pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, ambako minazi ni mingi kama kwetu. Wenyewe hukiita kadala kari: kadala ni dengu, na kari ni mchuzi. Hukila hasa asubuhi pamoja na puttu, yaani unga wa mchele na nazi iliyokunwa, vilivyopikwa kwa mvuke. Si watu wote wa Kerala waachao nyama. Wengi hula samaki kama sisi. Lakini katika Bara Hindi wako mamilioni ya watu wasioonja nyama maisha yao yote kwa ajili ya dini yao, nao wamejua tangu zamani kuwa mahali pa nyama yapasa pakae vyakula vya jamii ya kunde.

Karafuu yetu si mgeni katika masufuria ya huko. Bara Hindi imekuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba kwa miaka mingi, hata walipozigomea mwaka 1937 hadi 1938, biashara ya visiwa hivi ilitikisika. Nasi tunaoichuma, tukishaitia katika pilau na chai, aghalabu twaisahau.

Dengu zinazotumika ni zile ndogo zenye ganda la rangi ya udongo. Kwetu hazioti, lakini hulimwa Bara, kama vile Shinyanga na Mwanza, na nyingi husafirishwa mpaka Bara Hindi. Zikikosekana dukani, mbaazi, kunde au choroko zafaa vilevile, ila choroko huiva upesi zaidi.

Yafaa tueleze kwa nini chakula hiki chajenga mwili. Wengi wetu twadhani kwamba mchuzi ukishatiwa tui zito basi umekamilika. Sivyo. Tui lina mafuta mengi, nayo hutia nguvu ya kazi. Lakini protini, ambayo ndiyo ijengayo nyama ya mwili, ni chache mno ndani yake. Mboga katika tui peke yake hazimtoshi mchumaji wala mtoto anayekua. Dengu ndizo zenye protini: katika gramu 100 za dengu kavu mna karibu gramu 20. Zikichemshwa hunywa maji, na gramu 100 zilizoiva hubaki na gramu 8 au 9 tu. Kwa hiyo bakuli lijae dengu, lisiwe mchuzi unaoelea punje tatu.

Tena dengu zataka mwenziwe. Protini imejengwa kwa vipande vingi vya namna mbalimbali. Dengu zina upungufu wa namna moja, na mchele una upungufu wa namna nyingine. Dengu peke yake ni kama fundi mwenye mawe bila chokaa. Ziliwe kwa wali, au kwa mkate wa unga wa ngano, na kila kimoja kitajaza pengo la mwenziwe.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu 6 tayarisha vitu hivi: dengu kavu vikombe 2; nazi kubwa 1; karafuu 5; mdalasini kijiti kimoja; giligilani kavu vijiko vya chakula 2; pilipili kavu 2; manjano nusu kijiko cha chai; vitunguu maji 2; thomu punje 4; tangawizi kipande; nyanya 2; haradali nzima kijiko cha chai 1; mafuta ya nazi vijiko vya chakula 3; ndimu 1 na chumvi.

Kwanza, roweka dengu usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, kwani hupunguza gesi tumboni, kisha zichemshe kwa maji mapya muda wa saa moja au zaidi, mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili. Usitie nyanya, ukwaju wala ndimu kabla hazijaiva. Ukali huzifanya zikae ngumu hata ukamaliza kuni. Wako watiao magadi ili zilainike upesi, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini. Subira ni bora.

Pili, kuna nazi yote na uigawe mafungu mawili. Fungu moja lichuje kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu upate tui zito, uliweke kando. Fungu la pili likaange bila mafuta juu ya moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka ligeuke rangi ya kahawia. Karibu na kuepua, tia karafuu, mdalasini, giligilani na pilipili. Usizitie mapema, kwa sababu harufu ya karafuu imo katika mafuta yake, nayo huruka kwa moto. Kisha twanga au saga vyote viwe laini.

Tatu, pasha mafuta ya nazi, tia haradali. Ikianza kurukaruka, tia vitunguu, halafu thomu na tangawizi zilizopondwa. Vikigeuka rangi, tia manjano na nyanya. Nyanya zikirojeka, tia nazi iliyosagwa, dengu pamoja na maji yake kiasi, na chumvi. Acha vitokote robo saa. Mwisho mimina tui, punguza moto, na koroga mpaka lichemke kidogo tu. Likichemka kwa nguvu hukatika. Epua, ndipo ukamue ndimu.

Ndimu hiyo si ya ladha tu. Husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika dengu, ambayo damu huyahitaji. Chai nayo huyazuia, basi ingojewe kama saa moja baada ya kula.

Karafuu zisizidi kipimo. Zikiwa nyingi, mchuzi huwa mchungu na ulimi hufa ganzi. Chagua zilizokauka vizuri zenye kichwa chake. Ukiibana karafuu njema kwa ukucha hutoa mafuta. Iliyovunda haifai jikoni, kama isivyofaa ghalani.

Mwenye kambi ya wachumaji aangalie jambo moja zaidi: chakula cha nazi huchacha upesi katika joto. Ikiwa kitaliwa adhuhuri, zichukuliwe dengu zilizochemshwa, na nazi itiwe karibu na wakati wa kula.

Hatusemi mtu aache samaki. Iko vitamini moja, iitwayo B12, ambayo mimea haina, na hupatikana katika samaki, mayai, maziwa na nyama. Vikipatikana, viliwe. Lakini siku ambayo mtego umerudi mtupu, asiwepo mchumaji wa kupanda mti na tumbo la chai, ilhali nazi zimelala chini ya mnazi na karafuu zimejaa jamvini.