Kuwapeleka Watoto Wadogo Zanzibar: Anzia Kliniki

Likizo ikikaribia, wazazi wengi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret hupanga kuvuka mpaka na watoto wakajionee Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nauli hulipwa, hoteli hutafutwa, nguo mpya hununuliwa. Kliniki ndiyo husahaulika. Je, wewe utaanzia wapi?

Kwanza, chanjo. Msafiri anayetoka Kenya huulizwa cheti cha homa ya manjano. Sindano hiyo idungwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu cheti hakifanyi kazi kabla ya siku hizo kwisha. Kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9. Ikiwa mtoto wako ni mdogo zaidi, muone daktari mapema. Tangu Julai 2016, cheti hiki ni cha maisha.

Pili, malaria. Zanzibar imeipunguza sana, lakini haijaisha. Mtoto aliyekulia sehemu za baridi mwili wake haujazoea malaria, na inaweza kumlemea upesi. Muulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, na dawa huendelea hata baada ya kurudi, kama ulivyoelekezwa. Alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa.

Tatu, ratiba ya siku. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na pikipiki hupita humo, kwa hivyo mshike mtoto mkono au mbebe kwa leso. Ngome Kongwe na soko la Darajani ziende asubuhi, kabla ya saa tano. Saa sita hadi saa tisa, jua likiwa kali, wapumzike kivulini. Sehemu mbili kwa siku zinatosha. Wape maji mara kwa mara. Aliye chini ya miezi 6 asipewe maji, bali anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Nne, chakula. Jioni pale Forodhani, chagua mishkaki inayotoka motoni sasa hivi. Juisi yenye barafu usiyoijua maji yake, iache. Beba pakiti za ORS. Mtoto akiharisha, macho yakadidimia au akashindwa kunywa, mkimbize hospitali.

La mwisho, msikilizaji, safari haiishii nyumbani. Malaria huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari wazi: "Tulikuwa Zanzibar." Asipojua, huenda akadhani ni mafua tu, na siku moja au mbili zikipotea mtoto anaweza kufa. Neno hilo moja linaweza kumwokoa.

Safari njema, na kwaheri hadi kipindi kijacho.