Kamio ikikupita karibu sana, usingoje mpaka mtu aanguke



Katika gazeti hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na namna ya kukausha mahindi. Leo tunaongea juu ya barabara. Mavuno hayajawa feza mpaka yafike ku soko, na wengi wetu tunayafikisha na kinga.

Msimu wa mvua uliopita, papa mmoja wa koperative ninayoifuata alikuwa na gunia mbili za mahindi juu ya kinga yake, kwenye barabara kubwa ya Likasi kwenda Lubumbashi. Kamio yenye remoki ikampita. Kichwa ya kamio ilipita bila kumgusa, lakini remoki ikakaribia zaidi na kumsukuma pembeni. Akaanguka ndani ya mufereji, akavunjika mfupa wa bega. Gunia zililala ndani ya maji, na nyuma ya siku chache mahindi yakaota ukungu. Mahindi ya namna hiyo yanaweza kubeba sumu. Hata kuku hatuwapi. Tukamsindikiza ku polisi. Swali la kwanza lilikuwa: «Kamio gani? Plake yake namba ngapi?» Sisi wote tukanyamaza.

Tuliporudi, wenzake wakaanza kuongea. Mmoja akasema, «Hata mimi ilinipita vile wiki jana.» Mwingine akasema, «Mimi mwezi uliopita, nilisikia upepo wake kwenye shati.» Hakuna aliyeandika kitu, kwa sababu hakuna aliyeanguka. Hapo njo kosa letu liko. Mtu aliyeanguka hana nafasi ya kusoma plake. Yule aliyepitwa karibu na akabaki amesimama, huyo njo anaweza kuisoma.

Karibu sana ni karibu namna gani?

Tunapanda mahindi kwa mistari ya sentimita 75. Simama kwenye mstari wa kwanza, angalia mstari wa tatu: hiyo ni mita 1.5. Nafasi hiyo njo tunaitaka kati ya kinga na kamio. Na tunaipima tangu upande wa mzigo. Hatuipimi tangu kwa gurudumu, juu gunia zinatoka inje kupita miguu yetu.

Nafasi hiyo iko na maana tatu. Kwanza, kinga yenye kubeba kilo 100 haiendi sawa kama uzi. Ukikwepa shimo, unahama nusu mita. Pili, kamio kubwa inasukuma upepo mbele na kuvuta upepo nyuma, na kinga nzito inayumba. Tatu, shofere akirudi upande wa kuume mapema, kichwa inakuwa imeshakupita lakini remoki bado iko kando yako. Kamio inayoenda kilometa 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kwa segonde moja. Hauna wakati wa kukimbia.

Sheria inasema nini?

Sheria ya barabara ya inchi yetu ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978. Inahusu kinga sawa vile inahusu gari. Kongo iko pia ndani ya Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Mkataba huo unaomba dereva anayepita mwenzake amwachie nafasi ya kutosha pembeni. Hautaji mita. Ufaransa wametaja: mita 1 ndani ya mji, mita 1.5 inje ya mji. Kwa hiyo mistari yetu mitatu ya mahindi si mambo ya kubuni.

Namna ya kupeleka habari ku polisi

1. Toka kwenye barabara na utulize roho. Usitupe jiwe, musifunge njia. Jiwe moja linakugeuza kuwa mkosefu mbele ya polisi.

2. Shika plake. Mara nyingi kichwa na remoki ziko na plake mbili tofauti. Ile ya nyuma njo rahisi kusoma. Kama ni kontena, angalia herufi 4 na namba 7 zilizoandikwa nyuma yake. Hauna kalamu? Andika na kipande cha makala juu ya gunia, ao jirekodi sauti kwenye telefone.

3. Ongeza saa, mahali, upande kamio ilikuwa inaenda, rangi, mzigo, jina lililo kwenye mlango, na majina ya walioona.

4. Peleka habari kwa sekretere wa koperative siku ile ile. Kesho yake utaanza kuchanganya.

5. Sekretere aandike ndani ya kaye, kisha atengeneze barua kwa polisi ya rulaje, kopi mbili. Moja inabaki ku polisi, nyingine inarudi na muhuri na tarehe. Bila muhuri, ni kama hatukuenda.

6. Kama kuna mtu ameumia, ospitali kwanza. Omba karatasi ya daktari. Ku polisi, omba waandike PV na uchukue namba yake. Asiransi ya gari ni lazima katika inchi yetu, lakini bila plake na bila PV hakuna mlango wa kugonga.

Tunajua kama wengine wanaogopa. Mkulima akienda peke yake, anaweza kuombwa feza ya karatasi, ao kuambiwa arudi kesho. Njo maana barua iwe ya koperative, na waende watu watatu, pamoja na prezida. Usilipe, usigombane. Uliza jina la aliyekupokea, andika, rudi kesho yake na kopi.

Tusidanganyane: barua moja inaweza kulala ndani ya meza. Lakini kaye yenye habari kumi, na jina moja la kampuni linarudi mara tano, ni kitu kingine. Hiyo tunaweza kuipeleka kwa administratere wa teritware, na kwa kampuni yenyewe. Mkubwa wa kampuni hajui namna shofere wake anapita porini mpaka mtu amwambie na tarehe na saa.

Na sisi tusafishe upande wetu. Tufuatane mmoja nyuma ya mwingine, tufunge mzigo usitoke sana pembeni, tuweke kioo chekundu chenye kungaa nyuma, tusitembee usiku. Hapo shofere hatakuwa na la kusema.

Ku mkutano wenu ujao, chagueni mtu mmoja wa kushika kaye ya barabara. Kaye moja na kalamu moja haishindi bei ya kilo chache za mahindi.

Papa yetu bega limepona, lakini msimu ule hakulima. Wenzake walimlimia kipande kidogo, kingine kikabaki majani. Kamio iliyomsukuma, mpaka leo hatujui ni gani. Inawezekana inapita pale kila wiki.