Kukimbia au Kuogelea: Zoezi Lipi Limfae Nani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150, ili kujikinga na shinikizo la juu la damu, kisukari na magonjwa ya moyo. Mkazi wa mji wa Pangani anaweza kutimiza dakika hizo barabarani au baharini. Uchaguzi wake uzingatie hali ya mwili na usalama wa mahali.

Kukimbia huhitaji viatu imara na njia salama tu. Kila hatua huutwika mguu mzigo unaozidi uzito wa mwili mara mbili au zaidi. Mzigo huo huimarisha mifupa, lakini huweza kumzidishia maumivu mwenye matatizo ya magoti. Anayeanza atembee kwa haraka, kisha achanganye na mbio fupi, akiongeza muda hatua kwa hatua.

Kuogelea hutumikisha mikono, mgongo na miguu kwa pamoja, huku maji yakiubeba mwili. Kwa sababu hiyo huwafaa wazee na wenye maumivu ya viungo, ingawa hakuimarishi mifupa kama mbio. Aidha, kuogelea kunadai ujuzi: asiyejua asijifunze baharini peke yake.

Tahadhari kubwa ni mlango wa Mto Pangani. Maji yanapokupwa, mkondo huelekea baharini na unaweza kumchukua hata mwogeleaji hodari. Wakati wa bamvua, nguvu yake huongezeka. Waogeleaji wakae mbali na mlango huo, waingie maji yanapojaa, wawe na wenzao, na waogelee sambamba na ufuo. Aliyechukuliwa na mkondo asishindane nao; aogelee kwa kuukata ubavuni hadi autoke, ndipo arejee nchi kavu.

Anayeweza yote mawili ayapokezanye: maji yakipwa akimbie kwenye mchanga mgumu, yakijaa aogelee. Akumbuke kuwa saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo wapimwe kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Yeyote atakayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu aache zoezi mara moja na kutafuta huduma.