Fahamu: Kwa nini ajira za wahandisi wa roboti Pittsburgh hazikufa na Argo AI

Argo AI, kampuni ya magari yasiyohitaji dereva iliyoanzishwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 2016, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 2,000 ilipofungwa Oktoba 2022, baada ya Ford na Volkswagen kuacha kuifadhili. Ni rahisi kuhitimisha kwamba soko la wahandisi wa roboti mjini humo liliishia hapo. Sikubaliani na hitimisho hilo. Machi 2023 Ford iliunda kampuni ya Latitude AI na kuajiri takriban 550 kati ya wafanyakazi hao wa Argo. Mwaka huohuo waasisi wa Argo walianzisha Stack AV, inayoshughulikia malori, mjini humohumo. Kilichowabakiza wahandisi hao kazini ni ujuzi uliolimbikizwa tangu Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilipofungua Taasisi ya Roboti mwaka 1979.

Mtu atasema 550 si 2,000, na kodi ya nyumba haingoji. Hoja hiyo ina uzito: mji unaotegemea wafadhili wachache huyumba wanapojitoa. Hata hivyo, anayemudu vihisi, mota na programu kwa pamoja huweza kuhama kutoka gari hadi ghala au shamba bila kuanza upya. Kijana unayechagua masomo, jifunze mashine nzima, usiishie kwenye kipande kimoja.